Chupa ya Mama na Mshumaa wa Bibi

Fundi simu niliyemkuta stendi ya Makambako hana kosa. Nilimpelekea simu isiyopokea chaji, akaifungua, akachovya ncha ya chuma chake cha moto kwenye kikopo chenye nta ya kahawia, na moshi mwembamba ukapanda ukanipiga puani. Nikashikwa na hasira. Si huzuni, wala si ile hamu ya nyumbani ya watu wanaokumbuka zamani wakiwa wameshiba. Hasira, tena ya kukaza meno. Kijana wa watu aliniangalia akaniuliza, "Mama, nimekosea?" Nikamwambia aendelee, si yeye.

Ilikuwa harufu ya utomvu wa mti wa msindano uliochemshwa. Mtu aliyekulia Njombe anaijua harufu ya msindano wa shambani, ile ya mvua na mbao mbichi. Lakini utomvu wenyewe ukiukwangua kwenye gome na kuuchemsha mpaka uwe mweusi, unatoa harufu nyingine kabisa, chungu kidogo na tamu kidogo. Mimi niliijua nikiwa na miaka kumi na mmoja kwa sababu mama yangu aliuchemsha jikoni kwetu, kwenye kopo la maziwa ya unga, akitengeneza kitu ambacho hakuna mwanamke wa pale misheni aliyewahi kukitengeneza, wala mwanamume. Mama tulimzika mwaka jana kwao Mdandu. Baba yuko kwangu hapa Makambako wiki ya tatu sasa, amekuja kutibiwa macho, amekaa kwenye kochi langu na blanketi langu. Nilitoka kwa fundi simu nikiwa sitaki kwenda nyumbani kumkuta.

Mama alikuwa mtunza maabara katika sekondari ya misheni, nje kidogo ya mji wa Njombe. Kazi yake kwa maandishi ilikuwa kuosha vyombo vya kioo na kufunga makabati. Kwa vitendo, mwalimu wa fizikia alipokwama mbele ya darasa aliita, "Mama Koleta, hebu njoo mara moja," na mama alikuja akifuta mikono kwenye kitenge, akageuza waya mmoja, balbu ikawaka, akarudi kwenye karai lake. Mwalimu aliendelea na somo kana kwamba balbu imemtii yeye. Mimi nilipita pale kila siku nikitoka shule ya msingi, nikayaona haya kupitia dirishani, na kwa akili yangu ya kitoto nilidhani mama ndiye mkubwa wa walimu wote, ila anapenda tu kuosha vyombo.

Nyumba ya mapadri ilikuwa na TV ya chogo. Jumapili baada ya misa watu walijazana pale barazani, wengine wakichungulia madirishani, wote wakitazama mbele kwenye picha. Mama alizunguka nyuma. Alisimama kwenye ukuta akaegemeza jicho kwenye vitundu vya lile chogo mpaka watu wakaanza kukonyezana. Kwenye kitabu kimoja cha fizikia kilichochanika jalada aliukuta mchoro wake: mrija wa kathodi. Alinieleza tukiwa tunamenya viazi. Ni chupa tu, alisema, imenyonywa hewa yote. Upande mmoja kuna chuma kinachorusha chembe za umeme, upande wa pili kuna unga uliopakwa kwenye kioo, na ule unga ukigongwa na chembe unawaka. "Zile picha zote wanazozililia pale barazani ni vumbi linalogongwa," alisema. "Nataka nilione likigongwa kwangu, kwa mikono yangu."

Basi. Hakutaka zaidi ya hapo. Alitaka kuona.

Na hapa lazima niseme neno kuhusu watu waliokuwa wakipita kwetu na kuuliza, "Mama Koleta, sasa hicho kitu kitakusaidia nini?" Kaka mkubwa wa baba, baba mkubwa Gaspari, alifuga njiwa. Hakuwala, hakuwauza, aliwaangalia tu wakizunguka juu ya paa lake, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumuuliza njiwa watamsaidia nini. Mwanamume akiwa na kitu cha kumfurahisha roho anaachwa nacho. Mama yangu alikuwa na chupa, na kila aliyekuja kuomba moto au chumvi alitaka apewe hesabu ya faida yake. Mpaka leo nikikumbuka lile swali na ile midomo iliyobinuliwa, naona bora nishike ufagio nifagie uwanja kuliko kukaa.

Baba alimsaidia. Nalisema hili kwa makusudi na nitalirudia mbele ya yeyote. Alikuwa fundi seremala wa karakana ya misheni, na yeye ndiye aliyeomba zile friji mbili za zahanati zilizokufa zikatupwa nyuma ya karakana. Kompresa zake zilikuwa nzima. Mama alizigeuza zikawa za kunyonya, akaziunga moja ikivuta kutoka kwa mwenzake. Koili ya gari ya kutia moto mkubwa waliifuata pamoja Makambako, kwenye gereji za barabara kuu, wakarudi juu ya lori la mbao wakiwa wamejaa vumbi na wakicheka. Chupa ilitoka maabara, nene, yenye shingo ndefu, iliyotolewa kwa sababu ilikuwa imemeguka mdomo. Unga wa kuwaka mama aliukwangua ndani ya taa ya tyubu iliyovunjika, amejifunga kanga puani, akaupaka kwenye kitako cha chupa kwa maji ya wanga. Baba alichonga kitanda cha kuilaza ile chupa, kwa mbao ya msindano, akakipiga msasa mpaka kikawa laini kama shavu. Alikuwa akipiga mluzi. Mtu anayelazimishwa na mkewe hapigi mluzi.

Kilichobaki ilikuwa kuziba mdomo wa chupa, pale nyaya na bomba vinapoingia, ili hewa isirudi. Mama aliziba kwa mishumaa ya dukani iliyoyeyushwa na ule utomvu wa msindano. Akawasha kompresa, zikanguruma stoo, na akanieleza kwa furaha, "Sikiliza, Koleta. Zinavuta hewa yote mpaka isibaki hata kidogo."

Chumba kilichopakana na stoo kilikuwa cha bibi, mama yake baba. Bibi alikuwa na ugonjwa wa kifua. Akilala, kifua chake kilipiga filimbi, na akiamka alikaa ukingoni mwa kitanda akivuta pumzi kama mtu anayevuta kamba kisimani. Siku ile kompresa zilipoanza kunguruma, upande wa pili wa ukuta bibi alishikwa na kikohozi kibaya kuliko vyote nilivyowahi kusikia. Nikaunganisha mambo. Nyumba ni moja, hewa ni moja, na mama yangu amewasha mashine ya kuivuta yote isibaki. Nilisimama pale stoo nikiwa nimeshika kibiriti. Mama yangu alikuwa anamuua bibi yangu bila kujua, na nani angemwambia?

Sikumwambia. Nilichofanya ni hiki: mama alipotoka kwenda kuangalia maharage, nilichukua pini ya nywele nikaichoma kwenye ile nta ikiwa bado vuguvugu, nikaichomoa. Kitundu hakikuonekana. Mama aliporudi alisikiliza, akagusa, akaangalia cheche zake zisizowasha kitu, akakunja uso. Akabandua nta yote, akaanza upya. Nikamchoma tena. Mara ya tatu nilimsikia akimwambia baba, "Ni hii baridi. Nta ya dukani inakakamaa, inapasuka." Ilikuwa ni ile miezi ya baridi ambayo Njombe maji ya ndoo yanauma vidole, kwa hiyo hata baba aliona ndivyo. Mama aliongeza utomvu, akapunguza utomvu, akafunga chupa kwa blanketi, akaniomba mimi, mwizi wake, nimsaidie kupuliza makaa. Niliona uso wake unavyonywea kila siku na niliendelea kumchoma, maana nilimpenda bibi.

Aliyenikomboa ni bibi mwenyewe. Nilikuwa nimempelekea uji, nikamuuliza kwa kunong'ona kama sasa anapumua vizuri tangu nilipoanza kuitoboa ile mashine. Alinitaka nirudie. Nikamweleza yote, pini na kitundu na hewa moja. Bibi alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikaanza kulia, kisha akanishika sikio.

"Kifua hiki kimeanza mama yako hajazaliwa," alisema. "Kama kuna aliyeniibia pumzi ni moshi wa jikoni, miaka yote ile. Wewe mtoto, umemtesa mama yako bure."

"Nimwambie, bibi?"

"Ukimwambia atakuchapa, ukichapwa utalia, ukilia mimi sitalala. Nyamaza. Nitamfuta machozi mimi."

Kesho yake aliwaita wote wawili, baba na mama. Mama alikuja na kopo lake, baba amebeba chupa kifuani kama mtoto mchanga kwa sababu walikuwa katikati ya kuibandua nta tena. Mimi nilikuwa nimekaa miguuni pa bibi. Bibi aliniagiza nivute sanduku lake la bati chini ya kitanda, akalifungua, na ndani, kwenye kitambaa cheupe pamoja na rozari, kulikuwa na mshumaa wake.

Kwa asiyejua mambo ya kwetu, nieleze. Mwezi wa pili kuna sikukuu ya kubariki mishumaa, na kila nyumba ya Wakatoliki pale misheni ilipeleka wake. Haukuwashwa hovyo. Uliwashwa radi ikipiga karibu, na uliwashwa mtu akiwa anakata roho, akashikishwa mkononi aone njia. Mzee aliyefariki bila mshumaa wake watu walimsema kwa sauti ya chini, na waliomuuguza walisemwa kwa sauti ya juu. Wa bibi ulikuwa wa nta halisi ya nyuki, rangi ya ugoro, mnene kama kifundo cha mkono wangu.

"Hiyo ya dukani ni mafuta tu," bibi alimwambia mama. "Nta ni hii. Chukua."

Mama alirudi nyuma hatua nzima. "Hapana, mama. Huo ni wa saa yako."

"Saa yangu unaijua wewe? Februari nitabarikiwa mwingine. Chukua, mwanangu, umeshahangaika vya kutosha." Na akanikata jicho mimi.

Baba alicheka. Naliona jino lake la pembeni hata sasa. Alisema, "Mama, wewe ukiondoka kabla ya Februari utapita gizani."

"Ninayemwendea hanitambui kwa mshumaa, Nolasko," bibi alimjibu. "Ila kitu chenu hicho kikiwaka, nataka nikione."

Mama alipokea kwa mikono miwili, amepiga goti. Aliyeyusha zaidi ya nusu. Kipande kilichobaki alikirudisha na bibi akamkatalia, akamwambia akiweke, kitu kikivuja atakihitaji. Mimi sikutoboa tena.

Kikawaka Jumapili moja alasiri. Madirisha ya stoo yalizibwa kwa mablanketi, chupa imezungushiwa gunia na nguo ili ikipasuka isitudhuru, kimeachwa kitako tu kikitutazama. Baba alimbeba bibi na kiti chake. Kompresa zilinguruma muda mrefu, mpaka nikasinzia. Kisha mama akaunga koili, ikaanza kutatarika, na shingo ya chupa ikajaa ukungu wa zambarau. Mama alisema kwa sauti ya chini, "Bado." Ukungu ukafifia, ukafifia, nikadhani imeshindikana, na ndipo pale kwenye kitako, kwenye ule unga, likatokea doa la kijani. Dogo, kama ukucha. Lilitetemeka lakini halikuondoka.

Mama hakupiga kelele. Alichukua sumaku ya spika akaisogeza karibu, na lile doa likakimbia upande. Akampa bibi sumaku. Bibi, na mkono wake ule wa kutetemeka, aliisogeza kulia, doa likaenda huko, akaisogeza kushoto, likarudi. "Linanitii," alisema. "Nolasko, umeliona? Linanitii mimi!" Baba alikuwa akipiga makofi. Mama alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, akawa anatutazama sisi badala ya doa. Sijawahi kuona tena uso kama ule kwa mtu yeyote.

Bibi alifariki mvua za kwanza zilipoanza, asubuhi, ukungu umejaa mpaka mlangoni. Mama alikuwa kazini, nikatumwa kumwita. Niliporudi naye tulimkuta baba amepiga magoti, mkono wake uko ndani ya sanduku la bati. Alikuwa ameupeleka kwa mazoea na umefika kwenye kitambaa kitupu. Alitoka akawasha mshumaa wa dukani, mwembamba, ukapinda kwenye vidole vya bibi na kudondokea shuka. Bibi alikwenda hivyo. Alikwenda taratibu, nilikuwepo, hakuonekana kutafuta kitu.

Baba mkubwa Gaspari alifika jioni na ndugu wengine, na cha kwanza kuangalia kilikuwa mkono wa marehemu. "Mshumaa wa mama uko wapi? Huu si wenyewe." Baba alisema watazungumza baada ya mazishi. Huko ndiko alikoanza kurudi nyuma, kwenye kile kijisentensi. Angejibu palepale, kwa maneno manne, mambo yangeisha. Siku ya kumaliza matanga, pombe ya komoni imeshapita mikononi, kikao cha ukoo kikaitishwa sebuleni kwetu, na baba mkubwa akaja na kile kipande cha mshumaa alichokiokota stoo, pembeni ya chupa. Akakiweka katikati ya mkeka kama mtu aliyekamata nyoka.

"Mwanamke huyu," alisema, "amemnyang'anya mama yetu taa yake ya njiani, akaichemsha na gundi ya miti, akaitia kwenye mchezo wake."

Mama alikuwa amekaa karibu na mlango. Hakuinua sauti. "Sikunyang'anya, shemeji. Nilipewa."

"Na nani?"

"Na mama mwenyewe. Muulizeni ndugu yenu, alikuwepo."

Wakageuka wote kumwangalia baba. Na mimi nilimwangalia, tena nikiwa na amani kabisa. Nilijua kinachofuata. Baba angecheka, lile jino lingeonekana, angewaeleza jinsi bibi alivyomjibu kuhusu Februari na wote wangecheka, maana bibi alikuwa na maneno na wote waliyakumbuka maneno yake. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu.

Baba aliangalia mikono yake. Kulikuwa na gundi ya mbao imekauka kwenye vidole, akaanza kuibandua. Akasema, "Mimi habari za mshumaa sizikumbuki vizuri."

Kwetu mtoto haongei kikaoni. Hilo halina mjadala. Mtoto anayefungua mdomo wakubwa wakiongea anajua kiboko kinakaa wapi. Nilisimama. Nikasema, "Baba, ulikuwepo. Ulikuwa umeshika chupa. Bibi alitoa mwenyewe kwenye sanduku, mimi ndiye niliyelivuta. Wewe ukacheka, ukamwambia akiondoka kabla ya Februari atapita gizani."

Baba mkubwa akamtazama mdogo wake. Ilikuwa bado nafasi, nyingine kabisa, Mungu alimpa mara mbili kwa dakika moja. Na baba yangu, ambaye sijawahi kumwona akimpiga mtu wala kumtukana mtu, aliinua uso akasema, "Mtoto amechanganyikiwa na msiba. Mtoeni nje."

Shangazi mmoja alinishika mkono akanitoa. Nilisikia yaliyobaki nikiwa nimesimama kwenye matope. Waliamua kwamba mama aende kwao kwanza akapumzike. Ndivyo wanavyosema, akapumzike, kama vile alikuwa amechoka.

Asubuhi yake baba mkubwa alisema kile kitu kisilale tena kwenye nyumba ya mama yao. Aliyekibeba hadi shimo la taka ni baba. Alikilaza palepale kwenye kitanda alichokichonga mwenyewe, akachukua jiwe. Mama alikuwa amesimama na mimi nyuma ya nyumba, fuko lake limeshafungwa. Aliniziba uso kwa kiganja chake na kusema, "Funika macho, Koleta. Hewa itaingia kwa nguvu, vioo vitaruka." Hata pale alikuwa ananifundisha. Nikasikia mlio mmoja mfupi na mzito. Kisha alimwambia baba kwa sauti ya kawaida kabisa avae viatu, asitembee peku pale. Baba akajibu, "Sawa." Neno lake la mwisho kwa mkewe ndani ya ua ule lilikuwa sawa.

Mama aliondoka na lori la viazi mpaka Makambako, na kutoka hapo kwao Mdandu. Mimi nilibaki, maana mtoto ni wa ukoo. Nilihesabu siku nikidhani atamaliza kupumzika. Kaka zake baba hawakuchelewa kumletea baba mwanamke mwingine, mtu mwema, masikini, sina ugomvi naye, na nikaacha kuhesabu. Kwa mama nilikwenda likizo. Kule alitengeneza redio za watu, na miaka ilivyokwenda akawafungia taa za jua, wakamheshimu sana. Chupa hakuigusa tena. Nilimuuliza mara moja kwa nini, akasema hana muda, na alikuwa na muda.

Nikiwa mtu mzima nilimwambia habari za pini. Tulikuwa tunapukuchua mahindi. Alicheka mpaka akakaa chini, akanipiga na gunzi, akasema, "Kumbe wewe! Na mimi nikailaumu baridi ya Njombe miaka yote hii!" Alicheka tena, kisha akaligeuza gunzi mkononi. "Basi ile nta ya dukani ingetosha," alisema. Nikaona amefika mahali ambapo mimi nilikuwa nimefika zamani na nikaogopa kumfikisha. Hakunilaumu, wala siku ile wala baadaye. Mimi najilaumu, na sihitaji msaada wa mtu kwa hilo. Lakini kosa langu lilikuwa la mtoto aliyetaka bibi yake apumue. Halinipunguzii hata chembe ya hasira niliyo nayo kwa mtu mzima aliyejua ukweli, akaukalia.

Kwenye mazishi ya mama baba alikuja. Alikaa na wanaume, akala, na nilipopita na maji ya kunawa nilimsikia akimwambia jirani yake, "Alikuwa fundi kweli yule mama. Tuliwasha TV kwa chupa." Tuliwasha. Nilikwenda nyuma ya jiko nikakaa huko mpaka maji ya kunawa yakapoa.

Kwa hiyo siku hiyo ya fundi simu nilifika nyumbani na ile harufu bado iko kwenye ushungi wangu. Upepo wa Makambako ulikuwa unagonga mabati. Baba alikuwa kwenye kochi, jicho moja limefungwa bandeji.

"Kamwene, mwanangu," alisema. "Mbona umechelewa?"

"Kamwene. Nilikuwa kwa fundi." Nikaweka maji ya chai. Nikarudi nikasimama mbele yake, sikukaa. "Baba, ulikumbuka au hukukumbuka?"

Hakuniuliza kukumbuka nini. Kwa hilo nilimheshimu. Alikunja pindo la blanketi, akalikunjua.

"Nilikumbuka," alisema.

"Neno kwa neno?"

"Neno kwa neno." Akagusa bandeji yake. "Koleta, mama yangu alikuwa na siku tatu kaburini. Kaka zangu wote wale, wazee wote wa ukoo wamekaa, wote wananiangalia mimi. Ningesema mama alitoa mwenyewe, wangesema namsingizia marehemu kwa ajili ya mke. Ungekuwa wewe, umekaa mle ndani, mbele ya watu wale, ungefanya nini?"

"Nilikuwa mle ndani, baba," nilimwambia. "Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilisimama nikasema."